Gari liko wapi? Tabora na haki ya mwenye gari moja

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za Dk. David Livingstone ulitoka Zanzibar kuelekea bara. Ulivushwa hadi Bagamoyo, na hapo wapagazi waliokabidhiwa mfuko huo pamoja na shehena yake wakapiga kambi kwa zaidi ya miezi mitatu. Walipofika Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora ya leo, vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu vikaja kuifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley aliukuta mfuko huo Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1871. Alipoufikisha mikononi mwa mwenyewe kando ya Ziwa Tanganyika alihesabu siku 365 tangu utoke Zanzibar. Shehena iliyotangulia ilikuwa na mkosi mkubwa zaidi. Aliyekabidhiwa, jina lake Sherif, aliiuza yote kwa pembe za ndovu, akieleza kwamba amepiga fali na kuonyeshwa kuwa Livingstone amekwisha kufa. Oktoba mwaka huohuo mzee wa watu akatokea Ujiji, mzima lakini mgonjwa, akakuta mali yake imeyeyuka.

Kila aliyewahi kupeleka mali kwa njia hii ameishi na hofu hiyo. Msafara ukishaipita Mpwapwa na kuingia Ugogo, tajiri aliyebaki pwani hakuwa na habari nyingine ila zile alizoletewa na misafara iliyokuwa ikirudi. Wasafiri Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora, walikoingia Novemba 7, 1857. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar aliyemkopesha Tippu Tip, alipaswa kuwa na subira kubwa kuliko hiyo, maana safari moja ya mteja wake ilianza mwaka 1870 na haikumrudisha Unguja hadi 1882. Tusisahau pia kwamba njia hiyo ilipitisha watumwa, na kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo mabegani hawakuwa na mtu wa kuwaulizia wako wapi. Aliyeulizia alikuwa mwenye mali, na zaidi yake aliyemkopesha mwenye mali.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kwa sababu mambo hayajabadilika sana. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi lami imefika Nzega, Urambo na Sikonge, na imeendelea hadi Mpanda. Setilaiti zinapita juu yetu usiku na mchana. Lakini ukitazama nani hasa Tanzania anajua gari liko wapi dakika hii, utakuta ni walewale wa juu: mdhibiti, mtoza kodi, mkopeshaji na tajiri mwenye malori mengi. Mwenye Fuso moja aliyeikopea kwenye SACCOS anapiga simu.

"Uko wapi?"

"Bosi, nipo hapa Ipole, nakaribia."

Saa tatu baadaye anapiga tena, na simu haipatikani. Pengine dereva amepata pancha msituni mahali pasipo na mtandao. Pengine mafuta yananyonywa mahali fulani, au amechepuka na mzigo wa mtu mwingine ambao hautaingia kwenye hesabu. Bosi hajui, na mke wa dereva naye hajui. Mkoa wa Tabora ndio mkubwa kuliko yote nchini, una kilomita za mraba zaidi ya 76,000, na gari likipotea humo kwa nusu siku huna pa kuanzia kulitafuta.

Kwa upande wa mabasi kazi kubwa imefanyika na inastahili sifa. Tangu enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri iliyokuwapo kabla LATRA haijaundwa kwa sheria ya mwaka 2019, mabasi ya masafa marefu yalianza kufungwa vifaa vya VTS vinavyopeleka mahali gari lilipo na mwendo wake kwenye mfumo wa mamlaka. Dereva akivuka kilomita 80 kwa saa, mfumo unamwona. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, umuhimu wa jicho hilo uliongezeka. Malori ya mizigo ya nchi jirani, yale yanayopita Nzega kwenda Rusumo na Kabanga, hufungwa lakiri za kielektroniki chini ya usimamizi wa TRA ili mzigo usishushwe njiani bila kulipiwa ushuru. Na kampuni zinazokopesha pikipiki zimekuwa zikificha kifaa cha GPS ndani ya chombo kabla hazijamkabidhi kijana funguo. Mifumo hiyo yote ina sababu yake nzuri. Lakini hakuna hata mmoja uliowekwa kwa ajili ya yule mama wa Isevya, Tabora mjini, aliyenunua pikipiki moja kwa akiba ya miaka, akampa kijana wa mtaani kwa mkataba, analetewa hesabu kila jioni, na asipoletewa halali.

Pikipiki ndiyo inayoumiza zaidi. Bodaboda anakodiwa usiku kwenda pembezoni mwa mji, na kesho yake kijiwe kizima kinamtafuta. Vijana wameuawa kwa ajili ya chombo ambacho bado hawajamaliza kukilipia. Kifaa cha kuonyesha mahali hakiwezi kuzuia panga, na asije mtu kukiuza kwa ahadi hiyo. Kinachoweza kufanya ni kuwapa polisi na madereva wenzake wa kijiweni mahali pa kwenda ndani ya dakika kumi badala ya asubuhi. Mimi naamini dakika hizo zinatosha kuwa sababu ya kulishughulikia jambo hili kwa nguvu zote.

Basi kwa nini vifaa hivi havijaenea? Jibu la kawaida ni kwamba teknolojia hiyo ni ghali. Si kweli, na ni muhimu kuona kwa nini si kweli.

Kifaa cha GPS kina kazi mbili ambazo wengi huziona kuwa moja: kusikiliza na kusema. Kusikiliza ni bure. Setilaiti za Marekani za mfumo huo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa kikizisikia nne kwa pamoja, kinapiga hesabu ya tofauti za muda na kujua kilipo. Ni kama redio yako: kituo hakijui kwamba unasikiliza, wala hakikutozi. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiuvuruga kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia. Tangu ilipoacha, kifaa cha kawaida kinakosea kwa mita chache tu. Sasa vifaa vingi vinasikia pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, ambazo nazo hazidai kitu. Moduli ndogo ya kusikiliza, kama NEO-6M wanayoifahamu wanafunzi wa elektroniki, huuzwa kwa dola chache.

Kusema ndiko kunakogharimu, na hata hapo si sana. Taarifa moja ya kifaa, yaani latitudo, longitudo, mwendo, uelekeo na saa, pamoja na bahasha yake ya mtandao, haizidi baiti 150 au karibu na hapo. Chukua gari linalotembea saa 10 kwa siku na kutuma taarifa kila sekunde 30. Hizo ni taarifa 1,200, baiti 180,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hazifiki megabaiti 5 kwa mwezi, kiasi ambacho kijana anakimaliza kwa video moja fupi akiwa anasubiri abiria. Laini ya simu ndani ya kifaa inahitaji bando dogo kuliko yote sokoni.

Gharama kubwa inakaa katikati. Ukifungiwa kifaa na kampuni, unalipia kifaa, halafu unalipia ada ya mwezi au ya mwaka, na ndani ya ada hiyo mna seva, programu ya simu, ofisi ya mjini, mawakala na faida. Kwa mwenye mabasi thelathini ada hiyo ni sehemu ndogo ya matumizi. Kwa mwenye bodaboda moja ni hesabu ya siku kadhaa inayotoka kila wakati bila kujali kama chombo kimefanya kazi au kimelala gereji. Ndiyo maana wengi hufungiwa, hulipia miezi ya mwanzo, kisha kifaa kinabaki kimya ndani ya gari kikila betri.

Seva hiyo haihitaji kuwa siri ya mtu. Ipo programu huria iitwayo Traccar, iliyoanzishwa na Anton Tananaev, ambayo yeyote anaweza kuipakua na kuisimika bila malipo, na inaelewa lugha za vifaa vya mamia ya watengenezaji. Inafanya kazi kwenye seva ndogo ya kukodi ya dola 5 hivi kwa mwezi. Gari arobaini zikichangia seva hiyo, kila moja inalipa senti 12 na nusu za dola. Hata gari mia chache haziielemei. Programu hiyo inayo pia sehemu ya kuwekwa kwenye simu janja, kwa hiyo simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ikifichwa mahali pazuri na kuunganishwa na umeme wa gari, ni kifaa kamili cha kuanzia. Nairobi walilionyesha hilo mapema: wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu za jiji zima, ambayo haikuwahi kuwapo.

Kwa Tabora, mahali pa kuanzia panajulikana. Wakulima wa tumbaku wako ndani ya vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS, na AMCOS ziko ndani ya vyama vikuu kama WETCU na Milambo. Hawa hukodi magari ya kubeba mbolea ikishuka na marobota yakipanda kwenda Morogoro. Wana vitabu, wana makarani, wana mikutano mikuu ya kupitisha bajeti. Chama kikuu kinaweza kuendesha seva moja kwa ajili ya magari yote yanayobeba mzigo wa wanachama, na kuongeza pikipiki za wanachama kwa ada ndogo ya kushangaza. Wafugaji nyuki wanaosafirisha ndoo za asali kutoka misituni wangenufaika vilevile. Msimu mmoja wa majaribio kwenye njia ya Sikonge pekee ungetosha kuonyesha kinachofanya kazi.

Nasema njia ya Sikonge kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo itakayokiumbua kifaa kibovu. Ukitoka Tabora kilomita 70 hivi uko Sikonge mjini na mtandao upo. Ukiendelea Ipole na kuingia msitu wa miombo kuelekea Koga na Inyonga, simu yako itakuambia yenyewe. Serikali ilisaini Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na hiyo ni habari njema kwa watu wa vijijini, lakini mnara hujengwa penye watu. Msitu utabaki na ukimya wake. Kwa hiyo kifaa cha Tabora lazima kiwe na kumbukumbu ya kutunza taarifa na kuzimwaga zote kikipata mtandao. Hilo nalo ni rahisi kuliko linavyosikika. Taarifa moja ikibanwa vizuri ni baiti 20. Kumbukumbu ya megabaiti 4, ambayo leo ni punje ya kielektroniki, inatunza taarifa za gari hilohilo la taarifa 1,200 kwa siku kwa karibu miezi sita. Bosi hataliona gari likiwa Koga, lakini likiibukia Inyonga ataona lilisimama wapi msituni, saa ngapi, kwa muda gani.

Tatizo la pili ni betri, na hili mafundi wa pikipiki wanalijua kwa uchungu. Betri ya pikipiki ina uwezo wa ampea-saa 6 au karibu na hapo. Kifaa kinachokula miliampea 50 mfululizo kitaimaliza kwa saa 120, siku tano tu. Mwenye chombo akienda msibani Urambo kwa wiki moja, akirudi pikipiki haiwaki, na kifaa kinang'olewa siku hiyohiyo. Dawa yake ni kifaa kinacholala. Ndani yake kunawekwa kihisi cha mtikisiko, chombo kikitulia kila kitu kinazimwa isipokuwa kihisi, na ulaji unashuka hadi miliampea chache. Kwa miliampea 5 siku tano zinakuwa hamsini. Unapokwenda kununua, swali la kwanza kumuuliza muuzaji liwe hilo: kikiwa kimelala kinakula kiasi gani? Asipojua, ondoka.

Kuna vijana wanaotaka kuunda kifaa chenyewe kuanzia mwanzo, kwa ESP32, moduli ya GPS na moduli ya simu, na ninawaunga mkono kwa moyo wote, maana hakuna shule nzuri kuliko hiyo. VETA na vyuo vyetu viwape nafasi na vifaa. Ila kwa gari la kazi nashauri kununua kifaa kilichotoka kiwandani. Lori lina umeme wa volti 24 unaoruka ovyo injini inapowashwa. Barabara za vumbi hulegeza kila kilichochomelewa kwa mkono, na mvua za masika humalizia. Tena kifaa chochote cha mawasiliano kinahitaji ithibati ya TCRA, na kuipata kwa chombo cha mezani si safari fupi. Ubunifu wetu uende pale ambapo kiwanda cha mbali hakiwezi kutusaidia.

Na pale ni kwenye majina. Mama wa Isevya akitumiwa ujumbe unaosema "-5.0163, 32.8000" hajasaidiwa. Anataka kusoma: "Pikipiki iko Kiloleni, imesimama tangu saa 3:10 usiku." Misafara ya zamani ilijua kila kambi kwa jina, ikahesabu safari kutoka Tura hadi Rubuga, kutoka Rubuga hadi Kigwa. Majina hayo bado yapo, lakini ramani za kimataifa kwenye simu zina mapengo makubwa mara unapoiacha barabara kuu. Kazi ya kuyaziba imeanza. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Na Tabora ina kitu ambacho mikoa mingi haina: Chuo cha Ardhi, kinachofundisha upimaji na uchoraji ramani. Wanafunzi wake wakipewa mwaka mmoja wa kuorodhesha vitongoji, visima, mageti, magulio na vijiwe vya mkoa huu, faili litakalotoka litakuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye seva ya chama, na ujumbe mfupi wa simu ya kitochi utasomeka kwa Kiswahili na kwa majina ya hapa. Hakuna kampuni ya ughaibuni itakayotufanyia hilo.

Namna ya kulianzisha ina uzito mkubwa. Uganda mwaka 2021 ilitia saini mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, wa kuweka namba za kidijitali kwenye kila chombo nchini kwa lengo la kupambana na uhalifu. Malalamiko yalikuja kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: bei anayolipa mwenye chombo, na hofu ya raia kuwa kila nyendo yake itajulikana na dola. Mfumo unaoshuka kutoka juu, kwa fedha ya mtu wa chini, huanza na uadui. Wa chama, ambao wanachama wameupigia kura na wanazijua gharama zake, unaanza pazuri zaidi. LATRA inaweza kuusaidia bila kutumia fedha nyingi: iweke hadharani, kwa lugha ya fundi, masharti yote ya kifaa na ya seva, ili chama cha Urambo au kijana wa Ipuli ajue afanye nini ili mfumo wake ukubalike hata kwa vyombo vinavyobeba abiria.

Limebaki la dereva, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Kifaa kinaonyesha gari, lakini aliye ndani ya gari ni mtu. Kinaonyesha anapolala, anakoswali, hospitali aliyompeleka mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa za namna hiyo, na mwenye gari anayefunga kifaa bila kumwambia dereva wake anajiingiza mahali pabaya kisheria na kiutu. Mkataba wa bodaboda uandike wazi kwamba kifaa kipo, nani anakitazama na rekodi inatunzwa kwa muda gani. Kifaa kikiwa na swichi ya kuzima injini kwa mbali, ifanye kazi chombo kikiwa kimesimama tu. Kumzimia mtu pikipiki akiwa katikati ya barabara kuu, mbele ya semi, kwa sababu amechelewesha rejesho, ni kucheza na roho yake.

Na rekodi ifunguke pande zote mbili. Dereva wa Fuso anayetuhumiwa kwamba alijificha Ipole akinyonya mafuta awe na namba yake ya siri ya kuingilia kwenye mfumo uleule, afungue siku ileile, na amwonyeshe bosi kwamba gari lilisimama saa nne nzima kwenye geti la mazao likisubiri kugongewa muhuri.